Sura ya Sita: Wageni wa Mfungo Sita

Wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, mji wa Lamu hujaa watu hadi mabarazani. Boti za Mokowe huja zimesheheni, hurudi tupu, kisha hujaa tena. Hushuka wazee wa Mombasa na kanzu zao zimekunjwa vizuri mikobani, wanafunzi wa madrasa za Malindi na walimu wao, Wangazija waliobadili vyombo njiani zaidi ya mara moja, watu wa Tanga, wa Unguja, wa Kampala. Kila anayeshuka ana mtu anayemngoja gatini, au angalau ana jina la nyumba ya kuulizia. Hapo hushikana mikono na kuibusu, na maswali huanza kabla mizigo haijatua: mama hajambo? Yule mdogo ameshaoa? Mzee anaweza kwenda msikitini mwenyewe? Mizigo hupandishwa juu ya punda, na watu hufuata nyuma wakizungumza mpaka ndani ya vichochoro vya Langoni.

Wengi wao huonana mara moja kwa mwaka, na wengine mwaka huu waje, mwakani wakose. Wanakaa nchi mbalimbali, kazi zao hazifanani, na wakikutanishwa katika chumba kitupu huenda wasingekuwa na mengi ya kuzungumza. Lakini urafiki wao umedumu miaka na miaka, na wengine wameurithi kwa baba zao. Sababu yake naiona hivi: rafiki wa mbali hatunzwi kwa salamu peke yake. Anataka jambo la kufanya nawe, lenye siku yake na mahali pake, jambo ambalo asipokuwepo litapungukiwa. Maulidi ya Lamu ni jambo la namna hiyo, na naona hakuna mji katika pwani hii unaolijua zaidi.

Aliyeyasimamisha alikuwa mgeni mwenyewe. Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye watu wote humwita Habib Saleh, alizaliwa Ngazija na kuja Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahali ambapo jamaa zake walikuwa wametangulia. Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa kujuana kwa koo. Mkomani, upande wa kaskazini, walikaa waungwana katika majumba ya mawe yenye milango ya kuchongwa. Langoni, upande wa kusini, walikaa wageni, wavuvi, mafundi, Wangazija, na watu waliokuwa watumwa au waliozaliwa na watumwa. Mgeni wa ukoo wa masharifu angeweza kutafuta nafasi Mkomani. Habib Saleh alikaa Langoni. Akawasomesha wale ambao wengine hawakuona haja ya kuwasomesha, akawatibu wagonjwa wao, akala nao. Tukumbuke kwamba utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Kumkalisha kijana wa kitumwa darasani na kumfunza elimu ileile anayofunzwa mtoto wa sharifu lilikuwa jambo lililowakera watu wazito.

Tena akawapa ngoma. Wanafunzi wake walikuwa watu waliozoea kupiga na kucheza, na Habib Saleh hakuwataka waache vipawa vyao mlangoni. Kisomo alichokisimamisha kilikuwa maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, na kwa hiyo watu huyaita maulidi ya Habshi. Yakasomwa kwa matari na kwa kasida za kuitikiana. Wako wanazuoni wa mji waliokataa katakata kusikia matari yakipigwa msikitini, na mabishano yalikuwa makali. Matari yakaendelea. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha, Langoni, ukachukua jina la msikiti wa al-Habshi kule Seiyun. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na wanawe na wajukuu wake wakaendeleza chuo na maulidi. Wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima na bara, wakasoma, wakarudi kwao, na huko wakafungua madrasa zao. Sasa utaona kwa nini boti za Mokowe zinajaa: sehemu kubwa ya wageni wa Mfungo Sita ni wanafunzi wa Riyadha, au wanafunzi wa wanafunzi wake.

Kwa hiyo mzazi wa sherehe ni Mngazija, maneno yake yametoka Hadhramaut, matari yake ni ya watu wa Langoni, na wageni wake ni wa kila bandari. Sioni ajabu kwamba mtu wa mbali akifika hapo hajioni mgeni kwa muda mrefu.

Muziki wenyewe umeundwa kwa namna inayomsaidia. Msomaji husoma mlango mmoja wa maulidi kwa sauti ya peke yake, polepole, na uwanja mzima hunyamaza. Akimaliza, kasida huanza. Mtu mmoja au wawili hutoa ubeti, na mamia huitikia. Matari huingia chini ya sauti hizo, kwanza kwa pigo moja moja, kisha hukazana. Wapigaji hukaa safu, magoti yakigusana, na mabega huinama na kuinuka pamoja. Mtu aliyekulia Moroni au Bagamoyo akisikia ubeti wa kwanza anajua kiitikio kiko wapi. Hahitaji kuulizwa ametoka wapi wala ana cheo gani. Anafungua kinywa, na sauti yake inapokewa na za wenzake.

Wakati wa kiamu, kinapofika kisomo cha kuzaliwa Mtume, wote husimama. Vyetezo vya ubani na udi hupitishwa, na vijana wenye mirashi huwanyunyizia watu marashi viganjani na vifuani. Nimesimama hapo pembeni mwa mzee nisiyemjua hata jina, tukaitikia kasida moja baada ya nyingine, na tulipoketi akanishika mkono akaniuliza nimefikia nyumba ya nani. Tangu siku ile tunatafutana kila mwaka.

Kuna jambo dogo nyuma ya safu za wapigaji ambalo wengi hawalitazami. Tari huwambwa kwa ngozi, na ngozi ya pwani hunywa unyevu wa bahari. Ikifika usiku wa manane ngozi hulegea na sauti huwa nzito, haina mlio. Basi pembeni kuna moto mdogo, na vijana kazi yao ni kupokea matari yaliyolegea na kuyapasha moto. Huligeuza tari juu ya moto kwa umbali wa kiganja, hupapasa ngozi, hugonga kwa ncha ya kidole, husikiliza, hugeuza tena. Likisogezwa mno hupasuka. Likiwa tayari hurushwa safuni, na lililopoa hurudi. Kijana aliyetoka Kampala na hajawahi kupiga tari mbele za watu anaweza kuanzia hapo motoni, na mwaka wa tatu au wa nne utamkuta amekaa safuni. Hivyo ndivyo wengi walivyoingia.

Safari ya kufika Lamu imekuwa na taabu zake siku zote. Zamani ilikuwa shauri la pepo. Kusi huvuma takriban Aprili mpaka Septemba na kusukuma vyombo kaskazini, na kaskazi huvuma takriban Desemba mpaka Machi na kuvirudisha kusini. Mwezi mwandamo haungoji pepo. Mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Ukiangukia kusi, jahazi la Unguja au la Mombasa lilipanda Lamu na upepo uko nyuma. Ukiangukia kaskazi, nahodha alipambana na upepo wa mbele, au abiria waliamua kutangulia miezi kadhaa na kukaa Lamu mpaka siku ifike. Mgeni wa miezi hakai bure. Alifundisha, alishona, alivua, wengine walioa. Undugu mwingi wa Lamu na visiwa vya kusini ulianza kwa mtu kukosa upepo wa kumrudisha kwao.

Leo watu wa Mombasa hupanda basi. Ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na kutoka hapo ni boti. Barabara ya Garsen kwenda Mokowe ilikuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi kabla ya kutiwa lami, na mvua kubwa zikija gari lingeweza kukwama siku nzima. Kisha ukaja wasiwasi wa usalama, hasa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na mabasi yakawa yanasindikizwa na askari. Wageni walipungua miaka hiyo, lakini hawakukatika. Wenye uwezo huruka kwa ndege mpaka Manda na kuvuka mkono wa bahari. Mimi napenda basi. Basi la Mfungo Sita huanza kuimba kabla ya kufika Malindi, na mtu aliyepanda peke yake Mombasa akishuka Mokowe ana watu wa kufuatana nao.

Sasa niseme juu ya chakula, maana hapo ndipo mwenyeji anapoonyesha moyo wake.

Pilau la maulidi hupikwa uani na wanaume, juu ya kuni, katika masufuria ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani. Kazi huanza usiku. Ng'ombe na mbuzi wamechinjwa, nyama imekatwa vipande vya kutosha kushikika, mchele umechaguliwa vijiwe na kuoshwa. Lakini mpishi mkuu halali kwa sababu ya vitunguu. Pilau zima hutegemea vitunguu. Vikitolewa motoni mapema, pilau huwa jeupe na halina ladha. Vikipitiliza kidogo tu, uchungu huingia katika sufuria lote, na hapo hakuna dawa, si sukari wala nyanya. Nimemwona mzee mmoja akisimama juu ya moto na mwiko mrefu kama kafi, macho ameyafumba kwa moshi, anageuza na kunusa. Hakuwa akitazama rangi hata kidogo. Harufu ilipogeuka alipaza sauti, na vijana wakamwaga tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa kwa wakati mmoja, moto ukanywea, mafuta yakatulia. Ndipo zikaingia bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, kisha nyama, kisha supu yake, kisha mchele. Maji yalipokauka, moto wa chini ukapunguzwa na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko. Baada ya hapo kukawa hakuna la kufanya ila kungoja.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langoni hawangoji ya tatu. Mgeni mmoja, kijana aliyekuja na walimu wake kutoka Tanga, alisimama mlangoni mwa ua akiangalia.

"Mwanangu, umekuja kutazama ama kusaidia?" akaulizwa na yule mzee.

"Kusaidia, ami, nikiruhusiwa."

"Haya, karibu. Chukua kisu, kaa hapo kwa wenzako. Wembamba, sawasawa, usiharakishe."

"Ewallah, ami."

Akakaa. Baada ya gunia la kwanza la vitunguu macho yake yalikuwa mekundu na wote waliomzunguka wameshalijua jina lake, kwao, na mwanamke anayetaka kumposa. Kesho yake, masinia yalipopangwa, hakuna aliyemwambia akae wapi. Aliitwa na watu watano kwa mpigo.

Sinia moja hukaliwa na watu wanne au watano. Kila mmoja hula upande wake, kwa mkono wa kulia, kuanzia ukingoni kwenda kati. Nyama huwekwa juu, katikati, na hapo kuna adabu ambayo sijaona kokote inafundishwa kwa maneno: mwenyeji huikata kwa vidole na kuisukuma upande wa mgeni, kidogo kidogo, huku akiendelea kuzungumza jambo jingine kabisa. Mgeni anayejua naye husukuma kipande kurudi kwa mzee. Nyama hiyo inaweza kuzunguka sinia mara mbili kabla ya kuliwa. Kachumbari, ndimu na pilipili viko pembeni. Baadaye huja kahawa ya tangawizi, halua na tende, na mazungumzo ambayo hayana mwisho mpaka adhana.

Wanawake wana maulidi yao na jiko lao, na wageni wa kiume tunaandika kana kwamba hatulijui. Mahamri na mbaazi zinazowangoja wageni kila asubuhi hazikujipika. Wanawake wa Moroni na wa Unguja wanaofikia nyumba za Langoni hulala vyumba vimoja na wenyeji wao, hupikiana mapishi ya kwao, husomeana maulidi ya alasiri uani, hupakana hina, na hurudi makwao na kanga na siri za mwaka mzima. Nyumba nyingi, ukiuliza nani kati ya ndugu wa mbali anampigia nani simu mara kwa mara, utakuta ni wao.

Nje ya msikiti, siku hizo, mji mzima huchezwa. Goma husimamishwa, wanaume wa kanzu na kofia wamejipanga safu, bakora mikononi, wakienda kwa mwendo wa taratibu ambao kijana mwenye haraka hauwezi. Kirumbizi ni kinyume chake: watu wawili, fimbo mbili, ngoma na zumari, na duara la watu wanaoguta kila fimbo inapogongana. Kuna mbio za punda pwani, vijana wakipanda bila tandiko, na mashindano ya vyombo vya tanga. Ijumaa ndiyo kilele. Watu huenda ziara kaburini kwa Habib Saleh, kisha zefe hupita mjini na bendera na matari, madrasa baada ya madrasa, watoto wadogo mbele wakijitahidi kutopoteza mstari. Ukisimama ukutani katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, zefe linapopita, sauti hukupiga kutoka pande mbili, na njia ni nyembamba kiasi kwamba waliosimama kutazama hujikuta wanatembea.

Najua wapo Waislamu wema wanaoyakataa haya yote na kuyaita uzushi. Baadhi yao ni rafiki zangu, na hoja zao nimezisikiliza kwa heshima. Mabishano hayo yana umri wa kutosha, yalikuwepo Habib Saleh alipokuwa hai, na mimi si mtu wa kuyahukumu. Ninachoweza kushuhudia ni kile ninachokiona masiniani: mtoto wa sharifu na mjukuu wa mtumwa wakisukumiana nyama. Mji huu haukuwa hivyo kabla ya Riyadha.

Siku hizi kuna simu. Mwana wa Lamu aliyeko Muscat, London au Toronto hupokea zefe kiganjani likiwa bado linapita, na wengine huangalia kisomo kizima usiku wa kwao. Ni neema, na mama zao hufurahi kuonyesha simu kila pembe ya ua wapate kuona. Hutuma pia mchango: ng'ombe mmoja huenda amelipwa na watu wa miji mitatu. Lakini nimewauliza kadhaa, na jibu lao ni moja. Wanasikia kasida, wanaijua, wanaitikia peke yao sebuleni, kisha simu ikizimwa wanaanza kutafuta nauli.

Jumamosi asubuhi boti hujaa kwa upande wa pili. Hakuna anayeaga bila kualika. Watu wa Mambrui wana maulidi yao, na Lamu itakwenda huko. Wa Unguja wana maulidi ya homu, ambayo wasomaji hupiga magoti safu safu na kuyumba pamoja, na vijana wa Langoni walioyasikia wanataka kuyaona kwa macho. Wangazija ndio wenye mwaliko mzito zaidi, maana kwao kuna harusi kuu, ile ya mtu kupata heshima ya mji, yenye twarabu, ng'ombe na wageni wa siku nyingi. Harusi hizo hufanywa zaidi Julai na Agosti, wakati Wangazija wanaokaa Ufaransa wanaporudi nyumbani kwa likizo.

Na hapo pana shughuli. Mwaka 2025 Mfungo Sita ulikuwa Agosti na Septemba. Kwa kuwa mwezi unarudi nyuma kila mwaka, 2028 wiki yake ya mwisho itaangukia Agosti, na 2030 itakuwa Julai, katikati kabisa ya harusi za Ngazija. Rafiki zangu wa Moroni wameshaanza kulipigia hesabu. Mmoja anasema atamwomba kaka yake wa Marseille asogeze harusi mbele. Mwingine, ambaye binti yake ndiye atakayeolewa, ameniambia hasogezi kitu: atamaliza harusi Alhamisi moja, atapanda chombo na wageni wote waliobaki, na Alhamisi inayofuata watu wa Langoni waongeze masufuria.